Hukumu haimalizi haki za mfungwa

Swali moja linarudi mara kwa mara katika familia zenye mtu gerezani: “Tribinali imekwisha kuhukumu. Je, kuna kitu tunaweza kufanya tena?” Wengi hujibu kwamba hakuna, wanabaki kupeleka chakula na kuomba. Kupeleka chakula ni vema, na kuomba ni vema. Lakini sheria ya nchi yetu inampa mtu aliyehukumiwa haki kadhaa, na nyingine zinapotea kwa sababu tu hakuna aliyehesabu siku.

Tuanze na rufaa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 21, inampa kila mtu haki ya kukata rufaa. Katika tribinali za kawaida, muda ni siku 10. Zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, ikiwa mshitakiwa alikuwapo. Ikiwa alihukumiwa bila kuwapo, zinahesabiwa tangu alipojulishwa hukumu hiyo rasmi. Rufaa inatangazwa kwa karani wa tribinali, yule tunayemwita grefiye. Siku hizo 10 zinapita haraka kwa familia inayokaa mbali na mji, kwa hiyo asingoje mtu mwisho wa mwezi.

Ndugu zetu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini waangalie zaidi. Hali ya dharura ilipotangazwa mwezi wa tano mwaka 2021, mahakama za kijeshi zilipewa kazi ya kuhukumu raia pia katika mambo ya jinai. Mbele ya mahakama hizo, siku za kukata rufaa ni chache kuliko 10. Hata hivyo, kifungu cha 61 cha Katiba kinasema wazi kwamba haki ya kujitetea na haki ya rufaa hazisimamishwi, hata wakati wa dharura.

Jambo la pili ni hesabu ya kifungo. Siku zote ambazo mtu alikaa ndani kwa kesi hiyo kabla ya hukumu zinatolewa kwenye kifungo chake, zote kamili. Aliyefungwa miezi 14 akingoja kesi, kisha akahukumiwa miaka 8, hakuanza upya siku ya hukumu. Amekwisha kutumikia miezi 14.

Hesabu hiyo inafungua mlango wa tatu, yaani kufunguliwa kwa masharti. Kanuni ya adhabu inaruhusu ombi hilo kwa mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo chake, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Aliyehukumiwa maisha anaweza kuomba baada ya kupita miaka 5. Yule wa miaka 8 anafikia robo yake kwenye miaka 2, maana yake miezi 10 tu baada ya hukumu. Si lazima akubaliwe. Waziri wa Sheria ndiye anayeamua, baada ya kusikia parke na kiongozi wa gereza, na mwenendo wa mfungwa unatazamwa. Tena akivunja masharti anaweza kurudishwa ndani. Lakini jina ambalo halikupelekwa haliwezi kukubaliwa.

Pamoja na hayo, Rais wa Jamhuri ana uwezo wa kusamehe adhabu, kuibadilisha au kuipunguza, kwa kifungu cha 87 cha Katiba. Na aliyefungwa kwa kukosa kulipa faini ajue kwamba kifungo hicho cha badala hakipiti miezi 6.

Haki ya kutunzwa kama mtu haiondolewi na hukumu yoyote. Kifungu cha 18 kinaagiza kwamba kila aliyefungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Hata kura haipotei kwa sababu tu mtu alifungwa: anayezuiwa ni yule ambaye hukumu ya mwisho imemwondolea haki zake za kiraia na za kisiasa.

Tunajua kwamba katika viti vyetu vya ibada wanakaa pia watu walioibiwa, walionajisiwa, waliofiwa. Haki hizi hazifuti maumivu yao, wala hazifuti fidia ambayo tribinali iliwapa. Mkosaji anatumikia adhabu aliyopewa, bila kuongezewa nyingine kwa sababu faili yake imesahauliwa.

Basi, familia ifanye nini? Iombe kopi ya hukumu na kuitunza nyumbani. Iandike tarehe tatu: ya kukamatwa, ya hukumu, na ya kufikia robo. Mwezi wa kumi mwaka 2020 gereza la Kangbayi huko Beni lilishambuliwa na wafungwa zaidi ya 1,000 wakatoka; mwezi wa kwanza mwaka 2025 lile la Munzenze huko Goma likabaki tupu. Baada ya siku kama hizo, asiye na karatasi anapata shida kuonyesha ametumikia muda gani.

Asiye na pesa za avoka aulize Baro ya maavoka, maana kuna ofisi ya mashauri ya bure. Na wachungaji wanaotembelea magereza, pamoja na Biblia, wabebe daftari. Wamwulize kila mfungwa tarehe zake, kisha wazipeleke kwa familia yake.