Skwota kati ya Mifuko Miwili

Katika mwambao wa Malindi na Kilifi, mtu asiye na makao yanayotambuliwa na sheria huitwa skwota, ijapokuwa aghalabu huishi palepale walipozikwa wazee wake. Chimbuko la hali hii ni Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Katika ukanda wa maili kumi, ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, na Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo wala si kwa hati, wakabaki watupu. Neno lenyewe, basi, humvika mwenyeji sura ya mvamizi. Na hapa lugha si jambo dogo, kwani hufika hadi kwenye bajeti.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 iliunda mfuko wa kitaifa wa kuwapatia maskwota ardhi. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, iliikabidhi kaunti huduma za maji pamoja na mipango ya nyumba. Skwota hupimiwa kiwanja na afisi moja, akangojea bomba kutoka nyingine. Mifuko hiyo isipopangwa pamoja, hati yaweza kutangulia, maji yakabaki nyuma.