Hataza za Kupima Jeraha la Msuli (2): Protini Moja, Misuli Miwili

Chukulia mzee wa miaka hamsini na kitu amefika zahanati usiku, mkono kifuani. Mhudumu anamchoma takoni sindano ya kutuliza maumivu, kisha anamwandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Huko damu inapimwa na kimeng'enya kiitwacho kriatini kinasi kinaonekana kimepanda. Je, kimetoka moyoni au takoni? Sindano inayoingia ndani ya msuli huumiza nyuzi zake, na nyuzi zilizoumia humwaga kimeng'enya hicho hicho. Jibu la maabara ni sahihi, lakini daktari bado hajui mgonjwa wake anaumwa nini.

Hapo ndipo tulipoishia katika sehemu ya kwanza. Tuliona kuwa kriatini kinasi ni shahidi mzuri wa jeraha la msuli kwa jumla. Mwaka 1959 Setsuro Ebashi na wenzake mjini Tokyo walionyesha kuwa hupanda katika damu ya wagonjwa wenye kudhoofika kwa misuli kwa kurithi, na hadi leo ndicho kipimo cha kwanza kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Lakini hupanda pia kwa aliyekimbia Kilimanjaro Marathon jana, na kwa dereva wa bodaboda aliyegongwa akabanwa mguu. Leo tuitazame protini iliyokuja kumaliza utata huo, na hataza zilizoizunguka.

Aliyefungua njia ni Ebashi yule yule. Katika miaka ya 1960, akiwa na Ayako Kodama, aliigundua troponini, ambayo hukaa juu ya nyuzi nyembamba za msuli na kuongoza mkazo wake kalisi inapoingia. Ina vipande vitatu, vinavyotajwa kwa herufi T, I na C. Kipande C cha moyo kinafanana kabisa na cha misuli ya mwili inayokaza polepole, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha chochote. T na I za moyo zinatokana na jeni zake zenyewe. Troponini I ya moyo ina hata mkia wa ziada wa asidi amino 30 hivi, ambao ile ya mguu haina. Tofauti ndogo kiasi hicho ndiyo iliyozaa biashara kubwa ya vipimo.

Msomaji atauliza: mtu anawezaje kupewa hataza ya kitu alichoumbwa nacho kila binadamu? Hapewi, au walau hapaswi kupewa. Hataza hulinda uvumbuzi, na katika fani hii uvumbuzi ni namna ya kuidaka protini: kingamwili zilizochaguliwa, mpangilio wake, kifaa kinachozibeba. Ukitaka kujua hataza inalinda nini, usiishie kwenye kichwa chake. Nenda kwenye madai, ile orodha ya vipengele mwishoni, ambapo kila neno limepimwa.

Kingamwili zenyewe zina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, wakapata ukoo wa seli usiokufa na unaotoa kingamwili ya aina moja tu. Mbinu hiyo haikuwekewa hataza Uingereza. Ulimwengu mzima ukaitumia, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Naamini bila uwazi ule vipimo vya troponini vingechelewa sana, maana vingi vyake vimesimama juu ya mbinu hiyo.

Huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Hugo Katus na wenzake walichapisha mwaka 1989 kipimo cha troponini T kwa wagonjwa wa shambulio la moyo. Walifanya kazi pamoja na kampuni ya Boehringer Mannheim, iliyokilinda kwa hataza na kukipeleka sokoni. Kipimo hicho kilitumia kingamwili mbili. Moja ilishikizwa kwenye ukuta wa kichupa ili idake troponini inapopita. Nyingine, iliyobeba alama, ilikuja kushika upande wa pili wa troponini ile ile. Kadiri alama nyingi zilivyobaki kichupani baada ya kusuuza, ndivyo protini ilivyokuwa nyingi katika damu.

Tatizo likajitokeza hapo hapo. Kingamwili ya kudaka iliitambua troponini ya moyo, lakini ile yenye alama ilishika pia kiasi cha troponini ya misuli ya mwili. Nayo protini hiyo ya mwili, ikiwa nyingi mno kwenye damu, ilinata kwenye ukuta wa kichupa bila kudakwa na yeyote, ikapata alama. Mtu aliyeumia mguu vibaya akaonekana ameumia moyo. Kizazi cha pili cha kipimo, kilichotoka mwaka 1997, kilibadilisha kingamwili yenye alama kwa nyingine inayoitambua troponini ya moyo. Marekebisho yalikuwa ya molekuli moja tu. Hata hivyo hadi leo, mgonjwa mwenye uvimbe sugu wa misuli anaweza kuonyesha T iliyopanda ilhali I yake imetulia, na daktari makini hapo huomba zote mbili.

Upande wa troponini I, Jack Ladenson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kingamwili zao mwaka 1992. Wengine wakalenga mkusanyiko badala ya protini moja: mwaka 1994 kampuni ya Spectral Diagnostics ya Toronto ilipata hataza ya Marekani kwa seti inayopima protini tatu kwa pamoja kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kifua. Wazo lake ni la busara, kwa kuwa mayoglobini, protini nyingine ya msuli, hupanda mapema na kushuka mapema, ilhali troponini hubaki damuni wiki moja na zaidi.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Hataza humtaka mvumbuzi aeleze kazi yake kiasi cha fundi mwingine kuweza kuirudia, lakini ukoo wa seli hauelezeki kwa maandishi. Kwa hiyo, chini ya Mkataba wa Budapest wa mwaka 1977, mvumbuzi anaweza kuweka seli zenyewe katika hifadhi inayotambuliwa, mfano ile ya Braunschweig, Ujerumani. Hati ya hataza inataja namba ya akiba, na seli zinakaa kwenye baridi kali.

Hataza za troponini T ziliiacha mikononi mwa kampuni moja, Roche, iliyoinunua Boehringer Mannheim mwishoni mwa miaka ya 1990. Troponini I ilitengenezwa na wengi, kila mmoja na kingamwili zake. Matokeo yake ni kwamba majibu ya T kutoka maabara mbili yanalinganishika vizuri, ilhali majibu ya I kutoka mashine za kampuni mbili hayalinganishiki moja kwa moja. Mgonjwa anayehamishwa hospitali akiwa na karatasi ya jibu lazima aangaliwe kwa makini katika hilo.

Mahakama nazo zimeweka mipaka. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Mayo dhidi ya Prometheus, kwamba uhusiano wa asili kati ya kitu kilichomo damuni na hali ya mgonjwa si mali ya mtu. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya huko ikakubali kwa msingi huo kubatilishwa kwa madai ya kampuni ya Athena juu ya njia ya kutambua ugonjwa unaolegeza misuli, ambayo hutafuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo MuSK. Kwangu uamuzi wa kwanza ulikuwa wa haki. Wa pili unanipa shaka, kwa kuwa kazi ya maabara iliyofanyika pale ilikuwa kubwa.

Kwetu, hataza ya Marekani haina nguvu Dodoma wala Nairobi. Hulinda pale iliposajiliwa tu, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Hataza za mwanzo za troponini zimekwisha muda, na maelezo yake yanasomwa bure. Kwa hiyo kikwazo chetu kikubwa si hataza, ni bei ya vitendanishi na mazoea ya kutopima. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2020, ulikuta zaidi ya mmoja kati ya kila wagonjwa watano waliochunguzwa kwa maumivu ya kifua au kupumua kwa shida alikuwa na shambulio la moyo. Wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo na madaktari waliowahudumia.

Basi ndugu msomaji, ukimpeleka mzazi wako hospitali kwa maumivu ya kifua, sema wazi maumivu yalianza saa ngapi na kama amechomwa sindano yoyote njiani. Uliza kama troponini inapimwa hapo. Jibu la kwanza likiwa safi na maumivu yameanza punde, omba damu ipimwe tena baada ya saa chache, kwa kuwa protini hii huchukua muda kufika damuni.