Mafua ya Nguruwe: Habari kwa Wafugaji wa Maretadu

Nguruwe mmoja akikohoa bandani si jambo kubwa. Huenda amevuta vumbi la pumba, au ana minyoo ya mapafu. Lakini ikiwa jana wote walikula vema, na leo asubuhi nusu yao wamelala wamebanana, hawataki chakula, kamasi zawatoka, na wakiinuliwa wanakohoa kwa nguvu, yafaa kudhani ni mafua ya nguruwe. Joto la mwili hupita digrii 40, na mwenye mimba aweza kuitupa. Baada ya siku 5 hadi 7 wengi hupona; wafao ni wachache.

Homa ya nguruwe ya Afrika ni maradhi mengine kabisa: haina dawa, nayo huweza kumaliza banda zima. Lakini siku ya kwanza maradhi haya mawili hufanana. Kwa hiyo mfugaji asijiamulie mwenyewe. Ampelekee afisa mifugo habari siku ile ile, wala asipeleke mnyama hata mmoja mnadani.

Mtu atauliza, kwa nini tujisumbue kwa ugonjwa upoao wenyewe? Sababu ni kwamba nguruwe hupokea virusi vya mafua ya watu na vya ndege pia. Vikikutana mwilini mwake huchanganyika, vikazaa vya namna mpya ambavyo watu hawana kinga navyo. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ulioleta ugonjwa wa mwaka 2009, ulioonekana kwanza Mexico na Marekani, ukaizunguka dunia, ukafika Tanzania mwaka ule ule, na huku kwetu Mbulu pia. Huko Misri serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, wapatao 300,000, ingawa maradhi yalikwenda kutoka mtu hadi mtu. Ilikuwa kazi bure, na hasara iliwaangukia maskini wa Cairo waliowalisha kwa mabaki ya chakula cha mji. Nyama iliyopikwa ikaiva haimpi mtu mafua.

Tena mara nyingi mtu ndiye amwambukizaye nguruwe. Kameruni, mwaka 2010, wachunguzi walivikuta virusi vile vya 2009 katika nguruwe. Basi mwenye mafua nyumbani asiingie bandani. Mwingine alishe mpaka apone.

Afisa mifugo hutia kijiti chenye pamba puani mwa nguruwe, akakiweka penye baridi na kukipeleka maabara. Kazi hiyo hufaa siku za mwanzo za homa tu. Anayengoja wiki nzima kumwita atakuta virusi vimekwisha puani, na itabaki kupima damu mara mbili, kwa muda wa wiki tatu hivi kati yake, ili kuona kama kinga imepanda. Kwa hiyo weka daftari bandani, hata la shule lililobakiwa na kurasa chache. Andika siku kikohozi kilipoanza, ni wangapi wanaougua, ni nani nyumbani aliyekuwa na mafua wiki ile, na nguruwe gani amenunuliwa karibuni, kutoka wapi. Afisa akifika, mpe daftari hilo kwanza, kabla hajaingia bandani.