Fasi ya maji chini ya mti wa avoka: nini inaweza kuota pale?



Kuna mwenzetu aliniuliza kama mutu anaweza kupanda kitu mu fasi ya maji-maji isiyopata jua la kutosha. Aliniuliza juu miye nilisoma agronomia. Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili, lakini jibu lenyewe lilinigharimu miaka miwili, samaki wote wa etangi, na karibu ujirani wetu. Basi naliandika lote hapa.

Kwetu Bukavu parseli nyingi ziko kwenye mteremko. Ile ya mama yangu inaishia chini na kona ambako maji yote yanafikia: ya mvua, ya kachemichemi kadogo, na yale ya kuoshea vyombo. Juu ya kona kuko mti mkubwa wa avoka na migomba. Jua linaingia asubuhi, kisha ni kivuli.

Nilipomaliza lisansi nilitaka watu waone kama nilisoma kweli. Nikachimba etangi ya meta 3 kwa 2, nikatia tilapia na nenufari. Kisha miezi mine, nenufari ilikuwa na majani machache, ua hata moja hapana. Majani ya avoka yalianguka mu maji kila siku yakaoza. Asubuhi mapema samaki walikuwa juu ya maji, vinywa wazi, wanatafuta pumzi. Wakakufa wote.

Yaya wangu akasema: “Tufunge ile shimo na mawe, tujenge chumba ya kupangisha.” Tukajaza nusu. Mvua ya Novemba ilipokuja, maji hayakupotea, yalihama. Yalitokea chini ya ukuta wa jirani wa chini, mama mzee anayeishi na wajukuu wake, na ukuta ukapasuka. Hakutushitaki fasi yoyote. Alipanda tu kwetu, akamwambia mama: “Jirani, maji yako ilikuja kunitembelea.” Miye, agronomu wa nyumba, sikuwa na la kusema.

Njo nikarudia mambo toka mwanzo, na maswali mawili.

Swali la kwanza: jua linafika saa ngapi kwa siku? Chagua siku isiyo na mawingu. Toka asubuhi mpaka jioni, kila saa uangalie kama jua linagusa udongo, uandike. Ukihesabu saa 6 au zaidi, ile ni fasi ya jua. Kati ya 3 na 6 ni nusu kivuli. Chini ya 3 ni kivuli. Kona yetu ilipata 4. Vitabu vya Ulaya vinasema kivuli kiko upande wa kaskazini wa nyumba. Kwetu karibu na ikweta haiko vile: mu Juni jua linapita kaskazini, mu Desemba linapita kusini. Kwa hiyo pima mara mbili kwa mwaka.

Pale nikaelewa kosa langu. Nenufari inataka jua wazi ili itoe maua. Vilevile mafunjo makubwa ya mu marais: chini ya mti yanakuwa membamba na kulala. Na samaki? Majani yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha vinatumia oksijeni ya maji. Mimea ya mu maji inaweza kurudisha oksijeni ile, lakini paka kukiwa mwangaza. Usiku wote wanavuta, hakuna anayerudisha. Njo maana samaki wanateseka zaidi alfajiri.

Swali la pili: maji yanatembea ama yamesimama? Mizizi nayo inahitaji hewa. Mimea ya matope iko na njia za hewa ndani ya shina zinazoishusha mpaka kwenye mizizi. Lakini hata hiyo inapenda maji yanayopita polepole. Maji yakisimama na kupata moto, kiazi kinaoza.

Mmea uliofaa ulikuwa karibu siku zote: mateke. Lakini angalieni, kuko aina mbili na watu wanazichanganya. Geuza jani uangalie nyuma. Kikonyo kikishika ndani ya jani, mbali kidogo na pale linapopasuka, hiyo ni kolokazia, inavumilia maji. Kikishika palepale kwenye mpasuko, ni ksantosoma. Hiyo inapenda ubichi, lakini maji yakisimama inaoza.

Tulitoa mawe yote. Tulichimba ngazi mbili za udongo zinazofuata usawa wa mteremko, na kamfereji kembamba kanakopeleka maji polepole toka ngazi moja hadi nyingine, kisha mu kanivo ya avenue, si kwa jirani tena. Mateke tulipanda kwa umbali wa sentimeta 70, pale pa saa 4 za jua. Karibu na ukuta, penye kivuli zaidi, tuliweka arumu, maua meupe yale ya harusi. Pale maji ya vyombo yanapoingilia tuliweka kana. Hatukuacha maji wazi yasiyotembea, juu mabuu ya mbu yanahitaji karibu wiki moja ama zaidi mu maji yaliyotulia ili yawe mbu.

Mambo matatu ya kuchunga. Usipande chakula pale maji ya choo yanapopita. Mateke uyapike mpaka yaive kabisa, majani pia, sababu yako na vijisindano vidogo sana vinavyowasha koo. Na mutu akikuletea gugu-maji juu ya maua yake mazuri, ukatae. Lilitoka Amerika ya Kusini, na miaka ya 1950 lilikwisha kuenea mu mto Kongo na kusumbua mashua.

Sitawadanganya: kivuli kinalipisha. Majani yalikuwa makubwa kama miavuli, lakini viazi vilikuwa vya kadiri, na tulingoja miezi 11. Mwenye jua atavuna mapema na zaidi. Ila pale palikuwa hapatoi kitu.

Ukuta wa jirani tuliurudisha, yaya ndiye alinunua simenti. Kikapu cha kwanza cha mateke nilimpelekea yule mama mwenyewe. Akaangalia ndani, akauliza kama mbegu zilibakia. Zilibakia; sasa anapanda upande wake. Yaya bado anataka chumba chake, tulisikilizana atajenga upande wa juu akipata feza. Mama naye anachekaka mbele ya wageni: “Miaka yote ya iniversite, juu ya mateke!” Ninamwacha acheke, na miye ninacheka.

Wewe mwenye kona ya namna ile, hesabu kwanza saa za jua, kisha ufuate maji na miguu yako mvua ikinyesha. Na kabla ya kujaza mawe, ujiulize maji yataenda kwa nani.