Nyaraka za Kilwa Zimefika Simuni, Kazi Iliyobaki ni Kuzisoma

Historia ya Kilwa imetawanyika duniani. Nakala ya Kiarabu ya tarihi ya masultani wake iko London. Muhtasari wa Kireno wa tarihi hiyo umo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa Lisbon mwaka 1552. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zinazohesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yaliyobaki, zimehifadhiwa Goa, India. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yamegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin. Hata jirani na Kilwa, mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyofukuliwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, iko Berlin, na kumbukumbu za msafara ulioichimba ziko huko huko.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kitanzania aliijua hazina hii kwa kusimuliwa tu. Leo sehemu yake inafunguka kwenye simu. Kitabu cha Barros kinasomwa mtandaoni bila malipo. Matini ya Kiarabu ya tarihi, aliyoichapisha S. Arthur Strong mwaka 1895, nayo inapatikana. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani imeweka mtandaoni picha za mafaili ya Ofisi ya Makoloni, na Chuo Kikuu cha Frankfurt kimefanya hivyo kwa maelfu ya picha za enzi ya ukoloni. Mlango umefunguliwa, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kumwekea mwanafunzi hati mbele ya macho si kumfundisha kuisoma. Kazi hiyo ni ya mhadhiri na mkutubi kwa pamoja, na ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kuifanyia kuliko Kilwa.

Tuanze na maana ya maneno. Chanzo cha msingi ni ushahidi uliotoka kwa watu wa wakati unaochunguzwa, au kwa walioushuhudia: barua, mkataba, sarafu, kaburi, picha, masimulizi ya mzee. Kitabu cha kiada ni maelezo ya mtu mwingine juu ya ushahidi huo. Hifadhi ya kidijitali nayo ina sehemu tatu: picha ya hati, maelezo yanayoitambulisha, na namba ya kumbukumbu inayoonyesha hati halisi iko wapi. Wanafunzi wengi hupakua picha na kuyaacha maelezo. Matokeo yake wanabaki na karatasi isiyo na mwandishi, tarehe wala makao, na karatasi ya namna hiyo haithibitishi lolote.

Tarihi ya Kilwa inaonyesha kwa nini maelezo hayo ni muhimu. Matini ya Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa, ilitungwa katika karne ya 16. Nakala tuliyonayo ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na ikafika mikononi mwa John Kirk, balozi wa Uingereza. Kati ya mtunzi na mnakili huyo ipo miaka zaidi ya 300. Utangulizi unaahidi sura kumi, lakini zilizopo ni saba. Mwanafunzi anayejua hayo kabla ya kusoma mstari wa kwanza ataisoma kwa makini zaidi kuliko aliyeambiwa tu kwamba hiki ni kitabu cha kale.

Sasa mhadhiri aweke matini mbili mezani: ya Kiarabu na ya Barros. Zote zinasimulia wageni kutoka Shiraz na kisiwa kilichopatikana kwa vitambaa. Baada ya hapo zinaachana. Barros anasema mwanzilishi wa utawala wa Kilwa alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa Mhabeshi. Matini ya Kiarabu haina habari hiyo, ila inataja jambo ambalo Barros hana: wageni walipofika walimkuta Mwislamu akiishi kisiwani na jamaa zake, jina lake Muriri wa Bari, na msikiti ulikuwapo tayari. Darasa liulizwe: nani angefaidika kwa kuliweka jambo hili, na nani kwa kuliacha? Barros hakufika Kilwa. Aliandika Ureno, baada ya majeshi ya nchi yake kuuteka mji huo mwaka 1505. Mtunzi wa matini ya Kiarabu alikuwa akiwaandikia watawala waliotaka nasaba yao ing'ae. Kila mmoja alikuwa na hadhira yake, na hadhira huacha alama katika maandishi.

Swali la tarehe linatoa somo jingine. Mwanahistoria G.S.P. Freeman-Grenville, akifuata tarihi, aliuweka mwanzo wa utawala wa Washirazi mwaka 957. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliutazama udongo na sarafu, akausogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likafukuliwa fungu kubwa la sarafu za fedha pamoja na dinari za dhahabu zenye tarehe. Wataalamu wakalazimika kuzirudisha sarafu za Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala huo, hadi karne ya 11. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa pwani, wakiwamo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ulionyesha kwamba kwa wengi wao ukoo wa kike ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na katika ukoo wa kiume waliingia Waajemi tangu takriban mwaka 1000. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba historia husahihishwa kila ushahidi mpya unapowekwa kando ya ule wa zamani.

Majengo nayo ni ushahidi. Mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miale ya leza na kutengeneza vielelezo vyake vya pande zote. Mwanafunzi aliyeko Mwanza anaweza kumsoma msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, kisha akalizunguka gofu la kasri la Husuni Kubwa kwenye kompyuta. Akumbushwe pia kwamba msafiri huyo alisimulia safari zake zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwandishi mwingine ndiye aliyezipanga.

Hifadhi zina sauti, na zina ukimya. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja. Bei imeandikwa. Sultani ametajwa, na mnunuzi ametajwa. Wanadamu wenyewe waliouzwa hawana hata jina moja. Mhadhiri anayewapa wanafunzi mkataba huu bila kuwauliza nani hayumo humo anairudia dhuluma ile ile ya karatasi.

Ndivyo ilivyo kwa vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905. Mafaili ya Kijerumani yanawasikiliza zaidi maofisa. Mwafrika anapozungumza, mara nyingi ni mshitakiwa aliyesimama mbele ya mtu anayeweza kuamuru anyongwe, na maneno yake yamepitia kwa mkalimani. Ndiyo maana kazi ya mwaka 1968 ina thamani kubwa. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa mikoani kuwahoji wazee waliovikumbuka vita, nao wanahistoria G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo. Upo pia utenzi wa vita hivyo, wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1933 na tena Afrika Mashariki mwaka 1957. Faili, mahojiano na utenzi vikisomwa pamoja, kila kimoja hueleza ambacho kingine hakikuweza kusema.

Hapa ndipo mkutubi anapohitajika. Kwanza, afundishe kutafuta. Anayeandika "Kilwa" peke yake ataikosa nusu ya hazina, maana Wareno waliandika Quiloa, matini za Kiarabu husomwa pia Kulwa, na Wajerumani waliandika Kiwindje kwa Kilwa Kivinje. Pili, atengeneze mwongozo wa ukurasa mmoja kwa kila somo: hati gani ipo, iko hifadhi gani, kwa lugha gani, na inaruhusiwa kutumika vipi. Tatu, apakue mapema zile zinazoruhusiwa na kuziweka kwenye kompyuta za maktaba, ili mwanafunzi asiye na bando asome sawa na mwenzake. Nne, aombe chuo kifundishe kusoma hati za Kiarabu na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, hata kwa kozi fupi. Picha isiyosomeka haina faida kwa aliyeipakua.

Tusidhani pia kwamba kilichopo mtandaoni kitakuwapo daima. Mwezi Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliishambulia Maktaba ya Uingereza, ile inayotunza nakala ya Kitab al-Sulwa. Kwa miezi mingi miswada yake ya kidijitali haikufunguka, na wasomi wa dunia nzima wakakwama. Nakala iliyopo Dar es Salaam, Mtwara au Lindi haizimwi na shambulio la London.

Jambo la mwisho linahusu nyumbani. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa kimataifa wa hifadhi zilizo hatarini, na asili zake hazikuhama. Huo ndio mfano wa kufuata: karatasi inabaki kwa wenyewe, picha ndiyo inayosafiri. Pwani ya Kilwa na Lindi nayo ina familia na misikiti yenye vitabu vya mkono, nasaba, hati za mashamba na barua za mababu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na karatasi hizi ni daftari lenyewe.

Kwa hiyo, wahadhiri, msitoe tena zoezi la historia ya pwani lisilo na hati halisi walau mbili zinazopingana. Wakutubi, anzeni na mwongozo mmoja, wa Kilwa, muhula huu. Nanyi wenye masanduku ya karatasi Kivinje, Masoko, Kisiwani na Lindi mjini, msiziuze na msizichome. Mwiteni mtaalamu azipige picha mbele yenu, zikibaki mikononi mwenu.