Punguza Upepo Kabla Hujafika Dordogne

Kila Juni inapokaribia huwa naletewa swali lile lile na watu wanaokwenda kuendesha baiskeli Ufaransa: ni pampu gani ya mkononi inayoweza kufikisha tairi psi 120? Wengi ni ndugu zetu wanaoishi London, Brussels au Paris. Wamekodi nyumba Sarlat, mkoani Dordogne, kwa wiki, wamechora njia zao kwenye simu, wamefunga matairi ya milimita 23 kwa kuwa waliambiwa ndiyo ya mashindano, na sasa wanatafuta namna ya kuyafanya magumu kama jiwe. Juzi niliulizwa tena, na aliyeniuliza alikwisha kufungasha. Basi nijibu mara moja kwa wote: psi 120 haina kazi Dordogne. Itakuchosha, itakupunguzia mwendo, na ukiwa unateremka kutoka mji wa Domme inaweza kukuangusha.

Najua imani hii ya tairi gumu inatoka wapi. Kwa fundi wa mtaani, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, tairi hupimwa kwa dole gumba: likibonyea, bado, lisipobonyea, toa pesa uende zako. Kwa baiskeli inayobeba gunia la mkaa au kreti za soda fundi huyo yuko sahihi, maana uzito ule unadai upepo mwingi. Mtu wa kilo 70 mwenye chupa mbili za maji hana mzigo huo. Imani ikazidi kupata nguvu maabara, ambako kwa miaka mingi matairi yalipimwa kwa kuzungushwa juu ya pipa la chuma lililo laini. Juu ya chuma kile, kila ukiongeza upepo tairi hupungua kubonyea, na nguvu inayopotelea ndani ya raba hupungua pia. Matokeo yale ni ya kweli. Ila pipa halina kokoto, na juu yake hakuna mtu aliyeketi.

Sasa itazame barabara yenyewe. Barabara za vijijini Ufaransa, zile ambazo namba zake huanza na herufi D, nyingi hazitandikwi lami nzito. Wakati wa kiangazi lori hupita likinyunyiza lami ya majimaji, kokoto ndogo humwagwa juu yake, greda la kushindilia hupita mara chache, na magari ya watu ndiyo yanayomalizia kazi. Ukiwa mbali unaona utepe safi wa kijivu unaopanda na kushuka katikati ya mashamba ya jozi. Chuchumaa uuangalie kwa karibu: vichwa vya kokoto vimejitokeza, kila kimoja na ncha zake, bila mpangilio wowote. Hivyo ndivyo tairi lako litakavyokutana navyo, kimoja baada ya kingine, kwa kilomita 80.

Tairi gumu likigonga kichwa cha kokoto halibonyei. Linanyanyuka, na linainyanyua baiskeli pamoja na wewe uliye juu yake. Kunyanyuka huko kunalipwa na miguu yako, kwa sababu nguvu iliyokuwa ikikupeleka mbele imekupeleka juu. Ukitua, hurudishiwi kitu. Mtikisiko unaishia kwenye misuli na mafuta ya mwili na kugeuka joto. Tairi lenye upepo wa kadiri linaimeza ile ncha: raba inabonyea mahali padogo, inarudi, na sehemu kubwa ya nguvu inarudi nayo, huku mwili ukitulia. Kwa hiyo upepo una kikomo. Chini ya kikomo, kuongeza kunasaidia. Ukikivuka, hasara ya mtikisiko inapanda upesi kuliko akiba unayoipata ndani ya raba. Kwenye lami mpya kikomo hicho kiko juu. Kwenye kokoto kinashuka sana. Tena hasara za pande mbili hazilingani: ukikosea kwa psi 10 chini ya kikomo unapoteza kidogo, ukikosea kwa psi 10 juu yake unapoteza zaidi.

Kinachowadanganya watu ni hisia. Tairi gumu hutoa mtetemo wa haraka haraka kwenye usukani na kwenye kiti, na mwili wa binadamu huutafsiri mtetemo kuwa ni kasi. Ukishusha upepo baiskeli inanyamaza, nawe unadhani umeanza kuburuzika. Usiniamini mimi. Tafuta mteremko mfupi wa kokoto unaoishia kwenye tambarare, siku isiyo na upepo wa kuvuma. Shuka bila kupiga pedeli, ukiwa umekaa mkao ule ule, weka alama pale baiskeli inaposimama. Punguza psi 20, rudia. Fanya hivyo mara kadhaa kwa kila kipimo, maana mara moja haitoshi. Wanaokuja kubishana nami mara nyingi hawajawahi kulifanya jaribio hili, ingawa linahitaji muda usiozidi saa moja na halina gharama.

Hoja ya pili ninayoletewa ni mashindano: mbona mabingwa wanatumia matairi membamba na magumu? Walitumia. Milimita 23 zilitawala kwa miaka mingi, zikapishwa na 25, na leo kwenye Tour de France milimita 28 na kuendelea ni jambo la kawaida, tena kwa upepo mdogo kuliko wa zamani. Kwenye mashindano ya Paris–Roubaix, yanayopita juu ya mawe ya kale, hapajawahi kuwa na mjadala: anayetaka kufika hupanua tairi na kupunguza upepo. Zipo timu ambazo zimefika hatua ya kufunga kifaa gurudumuni ili mpanda baiskeli aongeze au apunguze upepo akiwa mwendoni. Na Ufaransa hii hii, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alitetea matairi mapana katika jarida lake la Le Cycliste. Alitetea gia pia, na waandaaji wa Tour hawakuruhusu baiskeli zenye mashine ya kubadilisha gia hadi 1937. Ukaidi katika mchezo huu una historia ndefu, na inaniuma kuona wageni wakilipia ukaidi huo kwa viganja vilivyokufa ganzi.

Pancha nazo? Ni kweli kwamba upepo mdogo mno huifanya rimu iubane mpira wa ndani dhidi ya jiwe na kuutoboa matundu mawili. Dawa yake ni tairi pana zaidi. Lakini Périgord, jina la zamani la Dordogne, ni nchi ya gumegume, jiwe lile lile ambalo watu wa kale wa bonde la Vézère walilichonga kuwa visu, na vipande vyake vimo pembezoni mwa barabara. Tairi gumu likikanyaga kipande chenye makali haliwezi kukipa nafasi, linakatika. Na ukumbuke jua: tairi lililojazwa psi 75 asubuhi kwa nyuzi 20 litaongezeka karibu psi 6 raba ikifika nyuzi 40. Aliyejaza 120 kivulini anaendesha zaidi ya hapo mchana. Kama baiskeli yako ina zile rimu za kisasa ambazo kingo zake hazina kulabu ya kulishika tairi, kiwango cha juu ni psi 72. Ukizidisha, tairi linaweza kuchomoka ukiwa kwenye kasi, na hapo sina ushauri wa kukupa.

Domme ndipo ninapowahofia zaidi. Mji huo ulianzishwa 1281 juu ya jabali linalotazama mto Dordogne, na kushuka kwake ni kona baada ya kona. Tairi linaloruka juu ya kokoto, kila linapokuwa hewani halishiki barabara, na gurudumu lisiloshika haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

Basi jaza hivi. Mtu wa kilo 70 hadi 75, tairi la milimita 28: anzia psi 70 nyuma, 65 mbele. Tairi la milimita 32: karibu 55 nyuma na 50 mbele. Ukiwa mzito zaidi au una mizigo, ongeza kidogo kidogo. Ukiwa mwepesi, punguza. Ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni mpaka wa usalama, wala si maagizo. Kama fremu yako inapitisha 28 peke yake, funga 28. Kama inapitisha 32, usifikirie mara mbili. Pima kwa geji kila asubuhi, kwa kuwa mpira wa latex hupungua usiku mmoja tu. Chukua pampu ya kusimama yenye geji uiache kwenye nyumba, na ndogo ya kubeba. Vilima ni vifupi lakini haviishi, kwa hiyo mbele weka meno 34 na nyuma 32 au zaidi. D703 kupitia La Roque-Gageac hujaa magari Julai na Agosti; ipite asubuhi mapema. Anayeanza, au mwenye watoto, achukue njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani kati ya Sarlat na Cazoulès. Ukiona kibao cha Gravillons, kokoto bado zimelala bila kushikana: punguza mwendo kabla ya kona, usiiguse breki ya mbele ndani yake. Vijijini, pasipo alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Maduka mengi hufungwa mchana, na mikate Jumatatu ni shida, kwa hiyo nunua chakula kabla ya saa sita.