JE, WAJUA? Sungura wa Nassa na namba za bunduki

• Sungura wa porini aitwaye kitaalamu Lepus victoriae alipewa jina hilo mwaka 1893 na Oldfield Thomas, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza. Sungura aliyemwelezea alitoka Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mashariki ya Mwanza. Huyu hachimbi shimo: hujilaza nyasini, na akishtuliwa hutimka.

• Kwa bunduki za marisau, namba ikipanda upana wa mtutu hupungua. Namba 12 ina mtutu wa milimita 18.5 hivi, namba 20, milimita 15.6. Namba hiyo ni idadi ya gololi za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza ratili moja.

• Kwa windo dogo kama sungura, namba 20 yatosha. Huwa nyepesi, teke lake dogo. Ile ya kukoki kwa kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele hufyatua tena upesi. Chagua marisau madogo; makubwa huharibu kitoweo.

• Tanzania, kumiliki bunduki hakukupi ruhusa ya kuwinda. Leseni ya silaha ni moja, leseni ya uwindaji ni nyingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.